Wifi Yangu na Nyota Iliyozidi Uzito

Kaka yangu anafanya kazi kwenye mizani ya malori, pale barabara kuu inapoingia mjini, na ndiko alikompata mkewe. Si kwamba mke alikuwa ndani ya lori. Alikuja kwa miguu, begi mgongoni, akaomba aonyeshwe mizani inavyofanya kazi. Kaka akamwuliza ana gari la aina gani. Akajibu hana gari, ana nyota, na anataka kujua watu wa mizani wanafanyaje kitu kikizidi uzito unaoruhusiwa. Mtu mwingine angeita mlinzi. Kaka yangu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kutukanwa na madereva, alifuta kiti vumbi akamkaribisha chai. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Hivyo ndivyo nilivyopata wifi. Niseme mapema kwamba sikuwa nimemkusudia mema. Kaka ninaye mmoja tu, na kumnunia mke wake kwa muda niliona ni haki yangu kabisa. Basi alipokuja mara ya kwanza saluni kwangu nilimwekea kiti bila kumtazama, nikamfunga kitambaa shingoni nikakikaza kidogo kuliko inavyotakiwa, nikamwuliza kwa sauti kavu, "Eti kazi yako hasa ni nini?"

Kosa langu lilikuwa kuuliza. Alizunguka na kiti kizima akanitazama usoni, macho yamemtoka kwa furaha, akaanza. Nyota kubwa ikiishiwa na kitu cha kuchoma, alisema, hujiangukia yenyewe. Kinachobaki katikati hushindiliwa mpaka mzigo mzito kuliko Jua letu unaenea ndani ya mji mmoja, tuseme kuanzia hospitali hadi kiwanda cha saruji. Wengi wanasema humo ndani kuna nyutroni zimebanana. Yeye alikuwa upande wa wachache wanaosema kwamba huenda hata nyutroni zimepasuka, kwarki zilizokuwa ndani yake zikamwagika, na sehemu yake zikageuka kuwa aina nyingine ambayo haimo kwenye vitu vyetu vya kawaida. Nyota nzima inakuwa rojo moja. Aina hiyo nyingine inaitwa kwarki ya ajabu.

"Nani kaiita ya ajabu?" nikauliza.

"Wenyewe walioigundua."

"Na walikuwa wazima?"

Alicheka mpaka nikaacha kumchana, maana kichwa kilikuwa hakitulii. Nami nikacheka kwa kumwangalia. Kununa kwangu kuliishia hapo, na mpaka leo sijakupata tena.

Swali lake lilikuwa moja tu: nyota kama hiyo inaweza kubeba uzito gani kabla haijalemewa na kuporomoka moja kwa moja kuwa shimo jeusi? Alimaanisha kikomo. Ukiwa chini ya kikomo unasimama, ukikipita kwaheri. Alilitamka neno kikomo kama wengine wanavyotamka jina la mchumba.

Lazima nieleze jinsi mtu huyu anavyofurahi, kwa sababu hajui kufurahi kwa kiasi. Programu yake ikikubali kukokotoa bila kukwama, anaruka uani na ndoo mkononi. Siku moja aliunguza sufuria, maji yakakauka, mboga zikawa makaa, jikoni hakuonekani kitu kwa moshi, naye yuko katikati ya moshi huo anapiga makofi kwa sababu mstari wake kwenye karatasi umepinda pale alipotaka upinde. Kaka alizima jiko, akafungua dirisha, akamwuliza umepinda kiasi gani. Wawili hao walifaana tangu mwanzo.

Mchana alifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye maabara ya chuo, jioni akarudi kwenye tasnifu yake ya udaktari. Tasnifu hiyo ilichukua miaka saba. Katikati yake walizaliwa mabinti wawili, na aliyewalea, tusidanganyane, ni mama yangu. Mama ndiye aliyewaogesha, akawafundisha kutembea, akawapeleka shule na kuwarudisha, ili wifi apate saa mbili za kukaa na nyota zake. Alifanya hivyo bila kulalamika na bila kuuliza. Sisi tukianza habari za kwarki mezani, mama alikusanya vyombo akaenda jikoni. Alikatishwa shule akiwa mdogo, na nadhani aliona akiuliza tutamjibu kwa sauti ile wanayojibiwa watoto. Nilikuwa nikimwona mgongo wake pale kwenye sinki na roho inaniuma.

Sasa, chuo nacho kina kikomo chake. Walishamwongezea wifi muda, wakamwongezea tena, halafu wakamwambia wazi: unatetea tasnifu yako Ijumaa hii, la sivyo jina lako linafutwa na unaondoka ulivyokuja. Hakukuwa na Ijumaa nyingine. Miaka yake, na miaka ya mama, yote iliwekwa kwenye asubuhi moja.

Alhamisi mchana akaja saluni nimsuke. Nilikuwa nimemwahidi kichwa cha kumtisha profesa yeyote. Nilianza kushoto, rasta nyembamba, safi, mistari imenyooka, na nilikuwa nimefika utosini pale mlango uliposukumwa. Aliyeingia ni mwenzake wa ofisini, bwana mmoja mwembamba tuliyembandika jina la Redio kwa sababu hawezi kukaa na habari. Alikuwa anahema. Kwenye kiti cha pili alikaa mwalimu wa chekechea, mteja wangu wa siku nyingi, kichwa kizima kimepakwa dawa ya rangi.

"Wamepima nyota mpya," Redio akasema. "Imetangazwa leo."

Wifi akanyanyua kichwa, mikono yangu ikabaki hewani na nywele.

"Nzito?"

"Imepita uzito wa Jua mara mbili. Imepita kabisa, si kwa kubahatisha."

Nilikuwa najua hesabu hiyo, maana nilikaa nayo miaka. Kikomo cha wifi kilikuwa mara mbili kasoro kidogo. Kila ukurasa wa tasnifu ile ulisimama juu ya hilo: ikiwa kwarki zinashinda, basi nyota zote zilizoshindiliwa hivyo ni za kwarki, na hakuna inayoweza kufika mara mbili.

"Wamepimaje?" akauliza, bado ana tumaini.

"Ina mwenzake wanazungukana. Nyota inatuma mipigo kama saa ya ukutani, haikosei. Mwenzake akipita mbele, mipigo inachelewa. Wamesoma uzito kwenye kuchelewa kwenyewe. Kazi safi, sina pa kuikamata."

Redio akasogea karibu, akashusha sauti, kazi ambayo hajaizoea. "Nisikilize. Habari ni mbichi. Watahini wako safarini leo, hawajaisoma. Kesho ingia, sema ulivyoandika, chukua udaktari wako, utoke. Wakija kusoma wiki ijayo, shauri yao."

"Redio ana akili," nikasema. Niliposema hivyo nilikuwa namfikiria mama.

Wifi alitoa kompyuta kwenye begi akaiweka juu ya mapaja, juu ya kitambaa na vipande vya nywele, akaanza kugonga. Mwalimu wa chekechea akaniuliza kwa macho kuna nini. Nami nikamjibu kwa macho kwamba ni nyota.

"Bado kuna mfuko," wifi akasema.

Habari ya mfuko alishanieleza zamani. Kwarki haziwezi kukaa peke yake wazi, huonekana kana kwamba zimo ndani ya mfuko unaozibana kutoka nje. Mfuko ukikaza sana, nyota inayojengwa nazo ni dhaifu, inabeba kidogo. Ukiulegeza, nyota inapata nguvu ya kubeba zaidi. Hakuna aliyewahi kuupima mfuko kwa mkono, kwa hiyo mtu ana nafasi ya kucheza kidogo: aukaze hapa, aulegeze pale. Wifi alianza kulegeza.

Simu yangu ikalia, kaka. Redio alikuwa ameshamtangazia njiani. Nikaweka sauti ya juu.

"Mke wangu," kaka akasema, nyuma yake malori yananguruma, "nasikia kuna nyota imezidi uzito. Hapa kwetu lori likizidi tunaliambia lipunguze mzigo. Iambieni ipunguze."

"Niache, nalegeza mfuko!"

"Legeza, mama, legeza!" kaka akapiga kelele, na dereva mmoja huko alikokuwa akauliza nani alegeze nini.

Kisha wifi akapiga yowe. Nilidhani ameumwa na kitu. Alisimama na kompyuta mikononi, nusu ya kichwa rasta na nusu nyingine nywele zimesimama kama zimeshtuka naye, akapiga kelele, "Imebeba! Imebeba! Imepita mara mbili na bado imesimama!" Sijui nani alianza kucheza. Najua kwamba Redio alikuwa ameshika chanuo, mwalimu wa chekechea alikuwa anazungusha kiuno na dawa inamdondokea mabegani, na mimi, ambaye nimewakataza wasaidizi wangu wote kukimbia ndani ya saluni, nilikuwa juu ya kiti. Kaka alikuwa anapiga honi ya lori lisilo lake. Tulikuwa tumeokoka. Nilihisi furaha imenipanda kichwani mpaka ukuta ukawa unazunguka.

Wifi ndiye aliyeacha kucheza kwanza. Alisimama katikati, akaitazama kompyuta, kisha akatutazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayeaga.

"Jamani," akasema, "tumeyeyuka."

"Nani ameyeyuka?"

"Sisi sote. Nimelegeza mno."

Redio akajishika mdomo. Alikuwa ameelewa. Sisi wawili wengine ilibidi tuelezwe, na wifi alieleza huku akicheka cheko la kuishiwa pumzi. Ni hivi: kwarki za vitu vya kawaida, chuma, maji, ngozi yako, zimetulia kwenye vifuko vyao vidogovidogo kwa sababu hapo ndipo zinapoona nafuu. Ukilegeza mfuko kiasi alicholegeza yeye, nafuu inahamia kwingine. Kila kitu kingeona bora kuungana kiwe rojo, na kingekuwa kimeshafanya hivyo zamani sana, kabla hata dunia haijapata umbo. Kusingekuwa na saluni wala kiti, wala mtu wa kukikalia.

Mwalimu wa chekechea akajishika mikono, akajibonyeza mapaja. "Mbona mimi niko imara?"

"Ndiyo shida yenyewe, mwalimu!" wifi akalia. "Uko imara!"

Basi ikawa kazi ya kukaza na kulegeza. Alikaza mpaka mwalimu wa chekechea akasalimika, nyota ikaporomoka. Alilegeza mpaka nyota ikasimama, mwalimu akayeyuka. Alitafuta mahali katikati ambapo wote wawili wangeishi, akatafuta kwa vipimo vidogo zaidi na zaidi, na kila mara Redio anauliza, "Vipi?" naye anajibu, "Mwalimu kafa," au "Nyota kafa." Mteja wangu alianza kulichukulia jambo lile kibinafsi. Alisema kama ni kura basi yeye anapigia mwalimu.

"Kwani lazima kuchagua watu?" nikasema. "Chagua nyota. Hao watahini ni watu wa nyota."

Wifi alikaa chini. Alitazama ukuta muda mrefu, mpaka nikadhani sasa ndiyo analia, nikatafuta taulo safi. Lakini mabega yalipoanza kutikisika niliona ni kicheko, kinatoka mbali, kinapanda.

"Wifi," akaniambia, "najua kitu."

"Unajua nini?"

"Kwamba haipo. Hii nyota yangu. Kwa mfuko huu niliousomea, haipo na haiwezi kuwepo. Nimezoea kuandika 'huenda', 'inawezekana', 'ikiwa'. Miaka saba sijawahi kuandika neno lisilo na 'huenda'. Sasa ninalo moja. Haipo!"

Nilipandwa na hasira, na sitaki kuipunguza. Nilimwambia amerukwa na akili. Nilimwambia asimame basi mbele ya watu aseme kwamba kitu alichokisomea wakati mama yangu anafua nepi za watoto wake, kitu hicho hakipo, halafu aone kama watampa udaktari au watampa nauli. Nilimwambia Redio amempa njia nzuri na yeye anaikataa kwa kiburi. Sauti yangu ilifika barabarani. Mwalimu wa chekechea alijifanya anasoma maandishi ya chupa.

"Naogopa," wifi akasema, akipangusa vipande vya nywele kwenye kompyuta. "Lakini nikiingia kesho niseme inawezekana, nitakuwa nasema kitu ninachojua si kweli, na nitakuwa daktari wa kitu hicho mpaka nife. Siwezi, wifi yangu. Na pia," hapo kicheko kikamponyoka tena, "nimefurahi mno, siwezi kuficha, itanitoka tu."

Alifunga begi, akasema anakwenda kuandika upya sehemu ya mwisho kabla ofisi haijafungwa, akatoka na nusu kichwa. Nilimkimbiza na kilemba hadi nje, nikakirusha, akakidaka bila kugeuka. Redio alimfuata mbio. Niliporudi ndani mteja wangu alikuwa amekaa na dawa muda mrefu kuliko inavyofaa, na nywele zilikuwa na rangi ya karoti. Alijitazama kwenye kioo akasema afadhali karoti kuliko rojo.

Ijumaa asubuhi nilifunga saluni nikaenda. Chumba cha utetezi kilikuwa cha kawaida tu, viti vya plastiki, feni inayolalamika, meza ndefu ya watahini yenye chupa za maji. Kaka alikaa mstari wa nyuma na sare yake ya mizani, mimi kando yake. Mama alibaki nyumbani na watoto. Alisema hana nguo ya kuingia huko, na ninajua nguo anazo.

Mtahini wa nje alikuwa profesa mmoja mama mtu mzima, mdogo wa umbo, miwani imening'inia kifuani. Wanafunzi walimwita Wembe. Kaka aliniuma sikio kwamba mfuko ule wa wifi ndio aliofundisha Wembe maisha yake yote. Nikasema Mungu wangu, na nikamshika kaka mkono kwa nguvu hadi akaguna.

Wifi alisimama, kilemba kimeinamia upande mmoja kwa sababu chini yake upande mmoja ulikuwa mzito. Alisalimia. Kisha, kabla hajaonyesha hata picha moja, akawaambia habari ya nyota mpya. Nilimwona Redio akifunika uso. Watahini walitazamana. Mmoja alitoa simu, akaisoma, akampitishia jirani yake, na simu ikapita meza nzima mpaka kwa Wembe. Yeye alivaa miwani, akasoma bila haraka, akavua miwani.

"Kwa hiyo kikomo chako kimevunjwa," akasema.

"Hapana, profesa. Kikomo kiko palepale. Kilichovunjwa ni nyota zangu."

Akaonyesha mchoro. Ulikuwa na kuta mbili na katikati yake hakuna nafasi. Ukuta mmoja ni uzito wa nyota mpya: mfuko lazima uwe legevu kuliko hapa. Ukuta wa pili ni vitu vya kawaida: mfuko lazima ukaze kuliko pale. Na "hapa" na "pale" zilikuwa zimepishana. Wapo wenye mifuko ya namna nyingine, alisema, ambao kwarki zao zinashikana au kusukumana kwa njia ambazo yeye hakuziweka, na hao bado wana mlango. Huu mfuko sahili, alioanza nao yeye na wengi kabla yake, hauna mlango tena.

Wembe hakuandika kitu. "Unajua nimeufundisha mfuko huu tangu hujazaliwa?"

"Najua, profesa."

"Na unaniambia umefungwa."

"Ndiyo."

"Una uhakika na ukuta wa nyota?"

"Waliopima wameacha nafasi ya makosa. Nimeishusha nyota mpaka mwisho wa nafasi hiyo. Bado imezidi."

"Na ukuta wa pili? Huo umeujenga kwa dhana gani?"

"Dhana moja tu, profesa."

"Itaje."

"Kwamba tupo."

Wembe alimtazama wifi. Kisha akaitazama meza, akainua mkono mdogo, akaigonga kwa kidole, ko, ko, ko. Akagonga chupa ya maji. Akajigonga na kifua.

"Tupo," akasema.

Akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti ya msichana, na mwenyekiti wa kikao akashikwa, na Redio, na kaka akaniegemea begani anafuta machozi, na wifi mwenyewe, ambaye alikuwa amejizuia tangu alfajiri, alirusha kichwa nyuma na kilemba kikaruka. Nusu ya kazi yangu ikaonekana mbele ya maprofesa watano. Mwenyekiti aliuliza kama hiyo nayo ni mchoro. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo sikuwahi kupenda watu kama nilivyowapenda watu wa chumba kile.

Walitutoa nje wajadiliane. Kicheko kilikauka mara moja. Kwenye korido wifi aliegemea ukuta, akasema, "Wamecheka, lakini kucheka si kupasisha." Nikamwambia anyamaze. Kaka alimshika kiganja akawa anakipimapima kama anatafuta uzito wake. Mlango ulipofunguka hakuna aliyetoka, ni sauti tu ya Wembe kutoka ndani: "Daktari, ingia."

Wifi akasogea pembeni kumpisha daktari apite.

Ilibidi nimsukume. Walimpa, kwa sharti kwamba aibadilishe anwani ya tasnifu, kwa kuwa ile ya zamani ilisema nyota zinawezekana. Wembe alimwambia aandike haraka, kwa sababu baada ya wiki chache kila mtu atakuwa anasema hivyo, na yeye alitaka aliyesema kwanza ajulikane. Alimshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na maji, na sikuweza kujua ni ya kucheka au ya mfuko wake.

Tulipotoka kwenye jua, wifi alimpigia mama kabla ya kufanya lolote lingine.

"Mama, nimefaulu."

Tulimsikia mama akishukuru, akimwita Mungu kwa majina yote anayoyajua, akiwaambia watoto waache kupiga kelele, ingawa aliyekuwa anapiga kelele ni yeye. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na hiyo nyota yenyewe, ikoje?"

Kaka na mimi tukatazamana. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Haipo, mama," wifi akasema.

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka upande ule, tukasikia akiyafunga.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Miaka yote hiyo. Pole sana."

"Usinipe pole, mama! Ndiyo niliyoipata! Walikuwa wanadhani ipo, na haipo. Wanaojua hivyo ni sisi tuliokuwa ndani ya kile chumba, basi. Na wewe sasa."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Maprofesa wengine hawajajua bado?"

"Bado. Wewe umewatangulia."

Kisha tukasikia kitasa, ndala zikiburuzika uani kwa haraka, na sauti ya mama yangu, mama yangu wa kwenye sinki, ikipanda juu ya ukuta wa jirani kwa nguvu zake zote.

"Jirani! Jirani, toka nje! Haipo!"